Utungo wa Baada ya Adhuhuri

Siku niliyofika mtaa wa Malaz, Riyadh, kabla hata hajanionyesha pa kulala, madam Farhat alinisomea sheria ya nyumba: hakuna picha, hakuna video, hakuna sauti ya humu ndani kutoka nje ya mlango. Nikasema sawa madam. Rafiki yangu Roseline, aliyekuwa akifanya kazi mtaa wa Al-Suwaidi, alimtumia dada yake video ya sekunde kumi ya sebule ya bosi wake, aone tu taa zinavyoning'inia, na siku ya tatu alikuwa uwanja wa ndege na nguo alizovaa. Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu aseme sikujua.

Na bado nilirekodi.

Nilimrekodi mzee. Baba mkwe wa madam, Ustadh Mukarram Beg, alikuwa mwimbaji wa muziki wa kale wa Kihindi. Kwao watu walivua viatu nje ya chumba alichokaa. Huku Riyadh alikuwa mzee tu wa miaka themanini na mmoja wa ghorofa ya tatu, analalamika kwamba supu haina chumvi. Mimi nililetwa kumtunza: dawa, uji, kumsugua miguu, kumshika mkono akienda msalani. Aliniita beti, yaani binti yangu. Tuliongea kwa Kiingereza chake cha shule ya zamani, Kiarabu changu cha jikoni, na Kiurdu nilichookota nikipika chapati zao.

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, basi akanifundisha kumpigia tambura. Ni kinanda kirefu chenye tumbo la kibuyu na nyuzi nne, na kazi yake ni kuvuma tu nyuma ya mwimbaji, kama nyuki waliotulia. Unazigusa nyuzi moja moja, huruki, huharakishi, huongezi chako. "Una mkono wa mtu aliyembeleza mtoto," aliniambia. Keziah wangu nilimwacha kwa mama yangu Mumias, Kenya, akiwa na miaka miwili kamili.

Muziki wao haufundishwi kwa kitabu. Mwalimu anaimba mstari, mwanafunzi anaurudisha, mwalimu anasema hapana, mwanafunzi anaurudisha tena, hivyo hivyo hata miaka. Kila ukoo wa waimbaji una tungo zake na unazilinda kama shamba. Zamani, aliniambia, binti akiolewa baba angeweza kumpa mkwe utungo mmoja au wawili kama sehemu ya anachoondoka nacho binti, na tangu hapo wa kwao hawauimbi tena mbele za watu. Babu yake Ustadh alimwachia tungo arobaini na moja. Arobaini alikuwa amezigawa. Mmoja ulibaki kifuani.

Na hakuna aliyewahi kumrekodi. Redio zilikuja, kampuni zilikuja, akazifukuza. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyemfundisha, alikubali mara moja kuimba kwenye mashine ya santuri. Sahani ile ilibeba dakika tatu tu, na mtu wa mashine akawa anampungia mkono aharakishe. Mzee wa watu akaharakisha. Miaka mingi baadaye Ustadh akakuta vijana katika miji asiyoijua wanauimba utungo ule mbio mbio, kama watu wanaokimbilia treni, na wanajivuna kwamba ndivyo mkubwa alivyouimba.

"Nikawaambia sivyo," alinisimulia. "Wakaniwekea santuri. Nitabishana vipi na santuri, beti? Haisikii."

Ule utungo mmoja uliobaki ulikuwa wa baada ya adhuhuri. Wana mambo hayo: kila raga, yaani njia inayopitwa na sauti ya wimbo, ina saa yake. Hii ya jamii ya Sarang huimbwa jua likishapita utosini, na Asri ikiadhiniwa huigusi tena hata upigiwe magoti. Utungo wenyewe ni mfupi, sehemu mbili. Katika ya kwanza mwanamke anasema jua limesimama juu ya nyumba na kivuli chake kimejificha chini ya nyayo zake. Hiyo Ustadh aliiimba karibu kila mchana, kwa sauti ndogo, macho yamefumba. Ya pili nilimsikia akiiimba siku moja tu, mwaka jana, siku ya kumbukumbu ya babu yake.

Siku hiyo simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Mama alikuwa amenipigia asubuhi akasema mtoto halali tena mchana, analia mpaka anakwama pumzi, anataka "ile mama ya simu". Mzee alipoanza kuimba nikabonyeza. Sikuwaza. Nikamtumia kaka yangu Elphas, akauweka kwenye kadi ya redio ndogo ya mama, na jioni mama akanipigia: mtoto amelala saa mbili nzima kama jiwe. Upande wangu niliufuta siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo kila saa saba mchana mtoto wangu Mumias alilazwa na mzee wa Malaz, na hakuna aliyejua.

Februari kiharusi kikampiga mzee. Akapona kwa namna yake, mkono mmoja ukabaki mlegevu. Alinijua, alilijua jina la shule yake ya utotoni, lakini alisahau kama amekula. Mwezi mmoja baadaye ikaja habari kwamba mwanafunzi wake Madhura, mama wa miaka hamsini na kitu kutoka Pune, amealikwa na Wahindi wa Jeddah kuwaimbia jukwaani. Mama huyo alikuwa amesubiri utungo ule wa mwisho miaka ishirini na miwili. Ustadh akasema atampa. Daktari alikataza ndege, basi madam akakodi nyumba Aziziyah, Jeddah, siku nne, na tukaenda kwa gari. Baba Sarwar, mume wa madam, ndiye kafili wangu, mdhamini anayeshika karatasi zangu. Yeye alibaki kazini.

Dereva alikuwa Bonface, kijana wa Kitale.

"Seli, kilomita karibu elfu moja, mzee aende kuimba wimbo wa dakika nne," aliniambia tukipakia viti. "Si angempigia tu simu?"

"Hauimbwi kwa simu."

"Basi hata mimi nianze kuendesha gari kwa mdomo tu."

Ijumaa baada ya swala tukakaa chini, kwenye zulia. Ustadh ameegemea mito, Madhura mbele yake amekunja miguu, mvi zake amezisuka, mimi nyuma na tambura. Madam alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Sehemu ya kwanza ilitoka. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake, na Madhura aliirudisha mpaka mzee akaacha kutikisa kichwa. Kisha Ustadh akavuta pumzi aingie sehemu ya pili.

Hakuna kilichotoka.

Akaanza upya kutoka juu. Akafika pale pale, mdomo wazi, kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta mlango hauna kitasa. Mara ya tatu. Mara ya sita. Mimi nagusa nyuzi, siruhusiwi kuacha, na jasho linanitiririka mgongoni na kiyoyozi kinavuma.

"Abba, pumzika," madam alisema.

"Kipo hapa," mzee akasema, akigonga kifua chake. "Kipo. Kimegeuka tu."

Adhana ya Asri ikatukuta hapo. Madhura aliweka mikono yake juu ya miguu ya mzee, akaiacha hapo muda mrefu. "Kesho, Ustadh. Ndege yangu ni jioni. Kesho mchana tunao wote."

Mzee hakula. Nilipompa dawa akaniuliza, "Beti, wewe ulikuwepo siku ya babu. Inaanzaje?"

Nilijaribu mbele ya Mungu. Kilichonijia ni ule mvumo wa nyuzi zangu tu. "Sikumbuki, Ustadh."

"Basi nikifa, babu amekufa," akasema taratibu, kama anayesoma saa ukutani, akageukia upande wa pili.

Jumamosi asubuhi nilimwambia Bonface pale chini kwenye maegesho. Nilimwambia yote. Akaacha kufuta kioo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama na Elphas."

"Basi tuwe wanne na tuishie hapo. Halas. Wewe umebakisha miezi mingapi?"

"Mitano."

"Mitano tu uende ukamwone mtoto, umeshiba heshima zako. Ukifungua huo mdomo, madam atasema uliiba sauti ya nyumba. Polisi watataka simu, kafili atataka kujua nini kingine ulituma. Nani atakutetea, mimi? Mimi mwenyewe ikama yangu, kibali cha kukaa, iko kwenye droo ya mtu." Akanitazama, sauti ikashuka. "Mzee akisahau ni Mungu amesahaulisha. Si wewe, dada yangu."

Nilipanda ngazi nikisema ndiyo, ndivyo, nitanyamaza. Nilikuwa nimeamua kabisa.

Saa saba na nusu tukaketi tena. Sehemu ya kwanza, safi. Ya pili, ukuta. Saa nane ikafika. Mzee akaanza kujaribu njia nyingine, anapanda, anashuka, anatafuta, na Madhura kila mara anajiandaa kupokea halafu anapokonywa. Saa nane na robo mzee alijipiga paja kwa ule mkono mzima. Akajipiga tena. Mara ya tatu alijipiga usoni.

Madhura aliushika mkono. Madam akasimama. "Imetosha. Selipher, mpeleke akalale."

Vidole vyangu vikaachia nyuzi.

"Upo," nikasema. "Sehemu ya pili ipo. Mtoto wangu analala nayo."

Hakuna aliyenielewa, ikabidi niseme kwa urefu. Siku ya babu, aproni, simu, Elphas, redio. Nilisema nikitazama zulia. Nilipomaliza, madam alikuwa amesogea karibu hata nikaona vidole vyake vya miguu.

"Umerekodi ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo madam."

"Ukatuma."

"Ndiyo madam."

"Nini kingine? Watoto wangu? Mimi nikiwa ndani bila mtandio?"

"Hapana madam. Wallahi madam, ni huo tu."

"Usiniapie kwa Mungu wangu."

Madhura hakuwa anasikiliza hayo. Alikuwa amenyoosha mkono kwangu, kiganja wazi kama mtu mwenye njaa. "Apige. Apige sasa hivi wautume kwenye simu yangu. Farhat, tafadhali, mengine baadaye."

Nilimtazama Ustadh nikaona afadhali madam. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa na mwanawe.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Nne, Ustadh."

"Kumbe niko ndani ya kopo. Miaka themanini nimeikimbia mashine." Akafumba macho. Nje gari lilipiga honi. "Farhat, saa ngapi?"

"Nane na dakika ishirini na tano, Abba."

"Piga," akaniambia.

Mama hakupatikana. Nikapiga tena. Hakupatikana. Madhura alikuwa akipumua kwa mdomo. Nilimpigia Elphas, yuko sokoni, simu ya mama imezimika chaji, ataruka na pikipiki ampelekee yake. Tukasubiri dakika kumi na nane. Nilizihesabu, maana nilikuwa nikiziona ndizo dakika zangu za mwisho za kuwa na kazi. Simu ikalia.

"Mama Keziah, kuna nini? Elphas amekuja mbio, nimefikiri umekufa."

"Sijafa mama. Redio iko wapi?"

"Si hii, mtoto ndiyo analazwa. Leo amekataa kulala, anarukaruka kitandani."

"Nakuweka spika, mama. Sogeza redio kwenye simu."

Ikaja. Kwanza mkwaruzo, halafu sauti ya Ustadh ya mwaka jana, ile nzima, na mvumo wangu nyuma yake. Madhura akaziba mdomo. Uso wa Ustadh ukakaza. Akainua mkono kama anayezuia jua. Nami nikasikia kingine, juu ya redio, sauti nyembamba inakwenda nayo sambamba, maneno yamepondwapondwa lakini hailegei.

"Zima," Ustadh akasema.

"Ustadh, bado haijafika —" Madhura alianza.

"Zima mashine. Nani huyo anayeimba?"

"Ni mwanangu," nikasema. "Keziah."

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu na nusu."

"Mashine izimwe. Yeye aendelee."

Nikamwambia mama kwa Kiluhya, mama akasema nyinyi huko mmeingiwa na nini, lakini akazima. Nikamwita mwanangu, nikamwambia kuna babu hapa anataka kumsikia. Akagoma. Akasema anataka pipi. Nikasema nitamletea. Akauliza lini. Madam aliyesimama pale akaniangalia. "Hivi karibuni," nikasema, na huo ulikuwa uongo mchungu kuliko yote ya siku hiyo, kwa sababu ungeweza kuwa kweli.

Keziah akaimba. Alianzia katikati, pale anapopapenda yeye, na pale palikuwa sehemu ya pili. Wewe kaa, usiende, hata kivuli hurudi nyumbani: hayo ndiyo maneno yake nilivyoelezwa baadaye. Kwake yalikuwa "beto beto na jao" na mambo mengine ya Kimumias. Lakini sauti ilipanda panapopanda.

Nilimwona mzee anaegemea mbele kutoka kwenye mito, kitu ambacho tangu Februari hakuwahi kukifanya bila kushikwa.

"Hapana," akasema.

Keziah akanyamaza. Hajazoea kuambiwa hapana na simu.

"Hapo mwisho anaruka ngazi moja," Ustadh alisema, akimwambia Madhura, akiniambia mimi, akiambia ukuta. "Anashuka mbili kwa pamoja. Amejifunza kwangu. Nilikosea mimi, siku ile kikohozi kilinishika nikaruka. Unaona? Mtoto mmoja tu, na tayari anaruka." Kisha akafungua mdomo, akaushuka mstari ule polepole, akikanyaga ngazi zote tatu. Na nyuma ya mstari huo ukaja mwingine, na mwingine, kama watu wa nyumba moja wanaotoka wakishikana mikono.

"Tambura, beti," akanikaripia.

Nikashika nyuzi. Madhura akarudisha mstari. Hapana. Akarudisha. Hapana. Kwenye spika Keziah naye akarudisha, na Ustadh akamwambia hapana vile vile, bila kumpunguzia. Mama yangu aliyekuwa ameshika simu kule Mumias ameniambia baadaye kwamba mtoto alikunja uso kama mwenye deni. Waliurudia hivyo, mama wa miaka hamsini na mtoto wa mitatu, mpaka mtoto akachoka, akalala kifuani kwa bibi yake, nasi tukasikia bibi anasema, "Kwaheri basi, mwacheni." Madhura akaendelea peke yake. Mara ya thelathini na ngapi sijui, Ustadh hakutikisa kichwa. Akamwashiria aimbe tena kuhakikisha. Akaimba, na alipokuwa akishusha sauti ya mwisho muadhini wa msikiti wa jirani akaanza.

Ustadh akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Madhura. "Ni wako. Mimi siuimbi tena mbele za watu." Madhura akainama, paji la uso kwenye miguu yake, mabega yanamtikisika.

Kisha mzee akanigeukia. "Lile kopo lifutwe. Leo."

Nikampigia Elphas mbele yao wote. Akauliza kama afute kadi nzima, maana mama ana nyimbo za kwaya humo. Nikamwambia huo mmoja tu. Akasema umefutika. Madam akanyoosha mkono, nikampa simu yangu. Akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Tukifika Riyadh, Sarwar ataamua," akasema. "Mimi nilishaamua, lakini kafili ni yeye."

Jumapili tuliondoka asubuhi. Bonface aliambiwa na nani sijui. Alinitazama kwenye kioo, akasema kwa Kiswahili, "Kumbe ulikuja huku kushuhudia mahakamani," halafu akanisukumia chupa ya maji. Madam alikaa mbele, miwani ya jua usoni, hakugeuka. Nilianza kupanga kichwani nguo zangu zitakavyoingia kwenye begi moja, na jinsi nitakavyomweleza mama kwamba ile ahadi ya pipi imetimia mapema.

Tulisimama kituo cha mafuta baada ya Taif, watu wakaswali Adhuhuri, nikamlisha Ustadh wali kwa kijiko ndani ya gari. Alikula chote. Akauliza saa.

"Saba na dakika kumi, Ustadh."

Akafikiri. Akamgusa madam begani.

"Farhat, saa hizi ndizo mtoto analazwa. Mashine imefutwa, atalalaje? Na ile ngazi bado anairuka, jana alilala kabla hajaishika. Akiachwa hivyo, kesho atamfundisha mwingine."

Lori lilipita, gari letu likatikisika. Bonface alikuwa ameshika ufunguo, hauzungushi.

"Abba, umesema huuimbi tena."

"Mbele za watu. Yule si watu, yule ni mwanafunzi. Na mama yake ndiye mwenye tambura, utanitafutia wapi mwingine?"

Zipu ya mkoba ikafunguliwa. Madam aliitoa simu yangu bila kugeuka, akaiwasha yeye mwenyewe, kidole chake kikiwa tayari kwenye kioo.

"Mama yako umemwandika jina gani humu?"

"Zipporah, madam."

Akatafuta, akapiga, akaweka spika.